Steringi akishapata mtoto, sizoni inaharibika au ndo inanoga?

Ukipita Mwanjelwa hapa Mbeya kwenye zile maktaba za kujaza muvi, we taja tu ile tamthilia ya Arrow uone. Kijana wa kompyuta hajamaliza hata kuchomeka flashi yako, tayari nyuma yako kuna watu wanabishana, mmoja anasema ishia sizoni ya tano maana kuanzia hapo ni habari za mtoto mwanzo mwisho, mwingine anamwambia wewe muvi huzijui, utamu ndo unaanzia hapo. Iringa nako ubishi ni huohuo. Na wote wana hoja aisee, tatizo kila mtu anajibu swali lake.

Wanaolalamika ukiwasikiliza vizuri wala hawana chuki na watoto. Wanachokataa ni mtoto anayeletwa ili atekwe. Oliver Queen, steringi wa Arrow anayewinda wahalifu usiku kwa upinde, kapiga kazi sizoni tatu bila mtoto wa kumrudisha nyumbani, ya nne iliyoanza 2015 inatuletea William, mtoto aliyezaa na Samantha zamani, ila mama yake Oliver alimhonga yule binti aseme mimba imeharibika na ahame mji. Sawa, tumekubali. Sizoni haijaisha adui yake Damien Darhk keshamteka dogo, tunafika mwisho wa sizoni ya tano adui mwingine, Adrian Chase, naye kamteka tena, sasa mtu unajiuliza huyu mtoto kaajiriwa kutekwa au vipi? Na ugonjwa huu haukuanzia hapo. Kim wa kwenye ile tamthilia ya 24, ambaye tena alikuwepo tangu episodi ya kwanza kabisa mwaka 2001, sizoni ya pili baba yake, steringi Jack Bauer, anatafuta bomu la nyuklia Los Angeles, yeye kanasa kwenye mtego porini anaangaliana na puma. Watu wanaikumbuka hiyo hadi leo, na hawaikumbuki kwa wema.

Ila upande wa pili wana kitu kizito. Steringi hafi, hilo tunalijua tangu enzi za vibanda umiza, kwa hiyo ukifika sizoni ya tano ya sita huna wasiwasi naye tena, apigwe risasi, adondoke ghorofani, we unaendelea kumenya karanga zako. Wasiwasi inabidi utafutwe kwa mtu mwingine. Mke anaweza kuuawa, kama Teri mke wa Jack alivyouawa mwisho wa sizoni ya kwanza, rafiki anaweza kugeuka msaliti, lakini mtoto ndo mtu pekee ambaye mtazamaji haulizi kwa nini huyu jamaa anajitoa hivi kwa ajili yake. Na habari ya "huyu mtoto katokea wapi" huku kwetu haina nguvu kihivyo, maana tumeshazoea watoto wanaoibukia msibani, wanafamilia wamekaa mkao wa kusoma wosia, mara anaingia kijana wa miaka kumi na nane anafanana na marehemu mpaka masikio.

Mimi naangalia kitu kimoja tu: mtoto akishakuja, kazi ya baba inabadilika au haibadiliki? Dada mmoja anauza chipsi mitaa ya Soweto hapa Mbeya, kaitazama Arrow yote, siku moja aliuliza, "Sasa huyo mtoto baba yake akiwa juu ya mapaa usiku anakula saa ngapi?" Tulicheka, ila swali lake ndo lenyewe. Sizoni ya sita ilijaribu kulijibu, mama yake William kafa kwenye ule mlipuko wa kisiwani, Oliver anabaki na mtoto ambaye hawajuani vizuri, anamwahidi ataacha mambo ya usiku na kweli anamkabidhi rafiki yake Diggle ile kofia ya kazi. Nilisema hawa sasa wamekua! Haikufika mbali, kofia ikarudi kwa mwenyewe, sizoni ya saba dogo akapelekwa shule ya bweni, baadaye babu na bibi yake upande wa mama wakamchukua. Yaani hata waandishi wa Marekani mtoto akiwashinda wanampeleka bweni.

Kuwatetea kidogo, sheria kule zinabana saa za kazi za mwigizaji mtoto, na sizoni moja ina episodi ishirini na kitu, halafu mtoto anarefuka na sauti inakatika katikati ya stori. Ndo maana wengi wanaruka utoto wenyewe. Xena, yule mwanamke mpiganaji, hawakupanga sana, mwigizaji wake Lucy Lawless alikuwa na mimba yake ya kweli 1999 ikabidi na Xena awe na mimba, lakini walichofanya baadaye ni akili kubwa: mama analala kwenye barafu miaka 25, anaamka anakuta binti yake Eve anaitwa Livia na ni mpiganaji wa Roma, katili kuliko maadui wote aliowahi kupigana nao. Hapo mtoto hasubiri kuokolewa, yeye ndo kesi yenyewe. Prison Break ya 2017 nayo, episodi tisa tu, mtoto wa steringi Michael hapigani na mtu, anakula chakula meza moja na baba wa kambo ambaye ndiye aliyemharibia baba yake maisha. Inatosha kabisa.

The Flash ndo waliniumiza. Nora, binti wa steringi Barry, alikuja sizoni ya tano kutoka siku za mbele, mtu mzima, kakua bila baba, ana hasira na mama, na kwa siri anashirikiana na Thawne, adui mkubwa wa baba yake. Kila kosa lake lilikuwa linamgusa Barry moja kwa moja, na mwisho wa sizoni akafutika kabisa, kama hakuwahi kuzaliwa. Nililia, sifichi. Halafu sizoni ya saba wakamrudisha, safari hii na ndugu yake Bart, wanakimbia huku wanataniana. Sasa yale machozi tulilia ya nini?