Nimevuka kunyolewa tu, nimekaguliwa mara mbili

Nakaa Ujerumani, Frankfurt ya huku mpakani, si ile ya uwanja wa ndege mnayoijua. Ukivuka daraja uko Poland, mji waitwa Słubice, kinyozi na sigara bei ya chini, watu huvuka kama sisi tunavyovuka feri Likoni. Juzi nimepanda basi, askari kaingia, kaangalia kushoto, kulia, kaja moja kwa moja kwangu. Kurudi, askari wa upande wa pili, kadi ile ile, swali lile lile. Kwa nywele jamani!

Najua kuna wanaoandika saa hii "si urudi kwenu basi". Subirini.

Hawa Wazungu mkataba wao wa Schengen wamesaini 1985 ili watu wapite mipaka bila kuulizwa. Oktoba 2023 Ujerumani karudisha ukaguzi mpaka wa Poland, 2024 kaweka mipaka yake yote ya nchi kavu, wengi wanaokamatwa wanarudishwa walikotokea. Poland kaona kumbe sisi ndio jaa lenu, Julai 2025 naye kaweka askari wake. Sheria yao ya wakimbizi, ile ya Dublin, mara nyingi yasema ulipoingilia kwanza ndipo kesi yako, sasa kila mmoja amsukumia mwenzake, ni jirani kumwagiana taka usiku juu ya ukuta halafu asubuhi wanaamkiana. Lakini mpaka wa nje wa Ulaya hao hao ni ndugu wa tumbo moja! Frontex, shirika lao la pamoja la kulinda mipaka, iko Warsaw huko huko Poland, Uturuki 2016 wakaiahidi yuro bilioni 6 za wakimbizi ili wakae huko huko, Tunisia 2023 ikaahidiwa milioni 105 kwa mambo ya mipaka na boti. Kumlipa mlinzi wa mbali wanaelewana, nani amchukue aliyeshavuka ndio ngumi.

Sasa mie mama mdogo yuko Tanga. Ukifika Horohoro washuka mara moja, karani wa Kenya na wa Tanzania chini ya paa moja, huyu akugongea kutoka, yule kuingia, umemaliza. Na hizi ni serikali zilizogombana mpaka mahindi, vifaranga vyetu 2017 vikachomwa moto Namanga, lakini sijawahi kuona mmoja amrudisha bibi wa watu kwa mwenzake kama mpira.

Ati chai? Chai ipo. Njia za panya zipo, nazijua kama nyinyi, na kuna siku nimekalishwa pale masaa mawili na karani asiye na haraka ya maisha. Na Wapemba wa Kilifi, watu wamezaliwa pale, wazazi pale, kitambulisho cha maana wamekuja kukisikia 2023. Kwa hiyo msiniwekee maneno mdomoni kuwa nasema kwetu peponi, wala sijigambi niko ulaya, kodi nalipa na kodi yangu ndio yawalipa wale wa darajani. Nauliza tu, watu wenye pesa zote hizi, kompyuta zote hizi, wameshindwa vipi kuweka meza mbili chumba kimoja?

Kinyozi mwenyewe kanikata vibaya nyuma. Wiki ijayo narudi, nitabeba pasi, kadi na barua ya kazi. Nikienda Tanga nilikuwa nabeba mahamri.