Printa Imekwama, Njoo Kesho

Mimi nina kaduka ka steshenari hapa Moshi mjini, sio mbali na stendi, natoa kopi, naprinti, naleminati, nauza rimu na kalamu na madaftari. Kwahiyo nikisema naijua mitihani ya chekechea naijua kweli maana yote inapita kwenye mashine yangu. Kuna wiki naingiza hela nzuri kwasababu tu watoto wa miaka mitatu minne wanafanya mtihani. Bebi klasi, kurasa nne zimepigwa pini. Andika jina, unganisha picha na herufi, jaza namba zilizokosekana. Mtoto anayelala na pampasi usiku anarudishiwa karatasi ina 38 kwa kalamu nyekundu, nafasi ya 19 kati ya 24, na mzazi anapiga picha anaiweka status na emoji ya kulia.

Na muda mrefu tu sikuona shida yoyote. Biashara ni biashara, na mimi mwenyewe mtoto wangu wa pili nilimpeleka shule ya hivyohivyo, ina jina zuri, gari la njano linamfuata getini, homwek kila siku. Wakati huo ana miaka minne. Sitaji shule maana tatizo halikuwa la shule ile peke yake, mimi ndio nilikuwa naitaka hivyo, nikiona daftari tupu jioni nampigia mwalimu simu, "madam mbona leo hamjampa kitu?"

Sasa ikafika mahali kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Tukampeleka hospitali, vipimo safi, hana minyoo hana nini. Jumamosi haumwi, Jumapili jua likizama anaumwa. Alafu siku moja, hii naiandika huku naona aibu, tulikuwa tunaandika moja mpaka hamsini kurasa tatu, na 5 yake kila saa inageuka inaangalia upande mwingine, nikamfuta, ikageuka tena, nikamfuta, mara ya sita sijui ya saba nikamchapa mkononi na rula. Rula ya dukani kwangu. Hakulia. Alinyoosha mkono mwingine. Yaani alishazoea kwamba ukichapwa huu na huu unafuata, na hapo nikajua kuna kitu anakijua kutoka mahali fulani na mimi sijawahi kuuliza.

Baadaye ndio nikaja kuelewa kwamba kugeuza herufi na namba kwa umri ule ni kawaida kabisa, watoto kibao wanageuza mpaka miaka sita saba alafu inaisha yenyewe. Mimi nilikuwa nachapa kitu ambacho kingekuja kuondoka bila hata kuniaga.

Wifi yangu ndio akaniambia kuna mama mmoja mwalimu mstaafu ana kashule kadogo huko juu njia ya Kibosho, unapanda hiace unashuka unatembea kidogo kwenye migomba. Nikaenda kuangalia. Jamani, nilivyofika nilitaka kugeuza. Hakuna bembea za rangi, hakuna Mickey Mouse ukutani. Kuna matairi, kuna lundo la mchanga, makopo ya mafuta ya kula, maboksi, vipande vya vigogo vya mgomba, vitambaa vya kitenge, na ndoo za maji. Watoto kama ishirini hivi wamechafuka. Nikamuuliza ada, akanitajia, haikuwa ya bure. Nikasema moyoni huyu bibi ametupata, yaani nilipe hela mtoto akacheze na kopo?

Lakini tumbo la Jumapili lilikuwa limenichosha. Nikamhamisha.

Kitu ninachotaka kuwaambia wazazi wenzangu kilitokea wiki ya tatu. Nilifika mapema kumchukua, nikakaa kwenye benchi la nje. Mtoto wangu ameweka boksi mbele yake, amekaa nyuma yake kama bosi, na majani ya mgomba yamekatwa katwa yamepangwa vizuri. Kumbe ana duka la steshenari. Kakaja kabinti kana jani kamoja mkononi, kanataka kopi. Akamwangalia kwa dharau ile, akasema, "Printa imekwama, njoo kesho!" Kabinti kakasimama tu. Akasonya, nyie, akasonya vile ninavyosonya mimi, "Nimesema kesho! Husikii?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sauti yangu, mkono kiunoni, kila kitu.

Alafu yule binti akamwambia kwa upole kabisa, "Lakini mimi mtoto wangu ana mtihani." Akanyamaza. Akawaza. Unamuona kabisa anawaza, ameinamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Haya lete, nitakuandikia na mkono." Akachukua kijiti akachora duara duara kwenye jani, akampa, akamwambia mia mbili.

Bibi Mwalimu alikuwa amesimama pale karibu muda wote hajasema neno. Aliponiona akaniuliza tu, "Mama, huwa anashinda dukani ee?" Nikacheka kwa aibu. Akaniambia mtoto anachezea kile kinachomzidi. Mambo yanayomtisha nyumbani na mtaani anayaleta pale kwenye boksi, anayageuza, leo yeye ndio mkubwa anayefoka kesho yeye ndio anayefokewa, na akishakaa pande zote mbili ile hofu inapungua. Hawezi kuja kukuambia "mama ukinifokea najisikia vibaya", hana hayo maneno, ana boksi na majani ya mgomba. Na angalia, hakuna mtu mzima aliyemwambia amhurumie yule mteja. Alifika huko mwenyewe.

Mimi toka siku ile nikiona mteja dukani naikumbuka ile sauti. Sijaacha kusonya, nisidanganye, ila nimepunguza.

Watu wakisikia kujifunza kwa michezo wanadhani ni midoli ya kununua na mwalimu anaimba na mapuppet. Hapana bwana. Chukua mdako. Sisi wote tuliocheza mdako tunajua, unachimba kishimo, unajaza vijiwe, unarusha kimoja juu, kabla hakijashuka umeshatoa vingine nje, unarusha tena unarudisha vyote unabakiza kimoja, unadaka. Ukimaliza moja moja unaenda mbili mbili, tatu tatu. Sasa niambie hiyo sio hesabu ni nini? Na kile kidole kinachochambua vijiwe viwili kati ya kumi ndani ya nusu sekunde, ndicho kesho kitashika penseli bila kukakamaa. Mimi wangu nilikuwa namshikisha penseli kwa nguvu wakati vidole vyenyewe havijawahi hata kukamua kitambaa.

Au kombolela. Aliyeshika ule mchezo anatafuta wenzake, ameshapata wanne kati ya watano kwa jasho, akigeuka tu kuna mmoja ametoka nyuma ya mgomba amepiga kopo teke, wote wako huru, anaanza upya. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo ni msiba. Wangu mara ya kwanza alijitupa chini akalia, akasema hachezi tena na wote ni wabaya. Nilikuwa nimezoea nyumbani akilia hivyo mimi au dada wa kazi tunamkimbilia, shika simu angalia katuni, basi yameisha. Bibi Mwalimu akakaa chini jirani yake, hakumbembeleza, hakumwambia mwanaume halii, alisema tu "umekasirika sana", akanyamaza naye. Wenzake wakaendelea. Baada ya dakika kadhaa akajikung'uta vumbi akarudi, maana mchezo mtamu bila yeye ulikuwa unamuuma kuliko kushindwa. Hakuna hotuba yangu yoyote ingeweza kumrudisha vile. Na hakuna karatasi ya mtihani inayompa mtoto nafasi ya kukasirika, kuachwa, na kurudi mwenyewe ndani ya robo saa.

Haya mambo sio mageni wala sio ya wazungu wa siku hizi. Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha shule yake ya watoto kucheza mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akaipa jina la bustani ya watoto, kindergarten, ambalo leo dunia nzima inalitumia. Montessori ndio inachekesha zaidi. Ukipita Moshi na Arusha neno hilo limejaa kwenye mabango, na mara nyingi likiwepo ada inapanda. Wakati Maria Montessori mwenyewe, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo kule Roma, mtaa wa mafukara, kwa watoto ambao wazazi wao wako vibaruani na wao wanabaki wanazurura kwenye ngazi. Yaani ilianzia kwa watoto wa akina mama kama wa Mbuyuni sokoni, leo tumeipandisha kwenye geti la umeme. Na nimeshaprinti mtihani wa kurasa nne wa shule yenye neno hilo kwenye bango, sasa hapo sijui tusemeje.

Hata serikali yetu kwenye makaratasi haijakataa. Sera inasema elimu ya awali ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Hiyo bebi, mido, pri-yuniti, miaka mitatu ya mtoto kubeba begi kubwa kuliko mgongo, tumeiongeza sisi na soko letu. Mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa ibara ya 31 unataja kucheza kama haki, na Tanzania tuliuridhia 1991, kabla mimi sijaanza hata shule. Desemba 2021 ikazinduliwa ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka sifuri hadi minane, na 2023 ukatoka waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na mkoa wetu huu kwa bweni mnajua wenyewe tulivyo. Wazazi wengine walilalamika. Nilikuwepo kwenye kikao kimoja mama anasema sasa mtoto wa miaka sita nitamuweka wapi, utafikiri anaongelea kabati.

Kuna swali jirani yangu aliniuliza na ni swali zuri, kwamba dada, kama ni kucheza si acheze nyumbani bure? Ningekubali kama nyumbani kungekuwa na pa kuchezea. Sisi tulikulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, tunateleza na vigogo vya mgomba kwenye mteremko, mpira wa majani makavu, bibi anaita jioni mpaka sauti inakauka. Huyu wangu amekulia kwenye nyumba ya kupanga, geti, paving, gari la mwenye nyumba lisikwaruzwe, na tivii. Hana wenzake wa kugombana nao. Na kombolela ya mtu mmoja haipo.

Ila mnisikilize pia upande wa pili nisije nikaonekana nauza shule ya mtu. Sio kila fujo ni kujifunza. Nimeona sehemu nyingine wanasema tunafundisha kwa michezo kumbe mwalimu yuko kwenye simu na watoto wanapigana mchangani. Bibi Mwalimu anakaa anaangalia, ana kadaftari anaandika nani leo kacheza na nani, nani amekaa pembeni siku ya tatu. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kugawa karatasi. Na shule za serikali, ambako mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali lakini ukichungulia darasani unakuta umati, huyo mwalimu mmoja simlaumu akiamua kuwaimbisha a e i o u siku nzima, afanyeje.

Na ukweli mwingine, wangu alipoenda intavyuu ya darasa la kwanza alisoma polepole kuliko binamu yake ambaye alikesha na homwek. Shangazi yake akaniangalia jicho lile. Nilikosa usingizi siku mbili. Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu, wa pili akawa kawaida, sio wa kwanza darasani wala wa mwisho. Wanaopenda kututajia Finland kwamba huko wanaanza shule na miaka saba, sawa, lakini Finland darasa la nne hakuna upimaji wa taifa unaomsubiri mtoto mlangoni, kwahiyo naelewa kabisa mzazi akiogopa. Mimi mwenyewe bado naogopa. Tofauti ni kwamba Jumapili jioni siku hizi anakula ugali anamaliza.

Mitihani bado naprinti, nisiwadanganye, kodi ya fremu haijui Froebel. Wiki iliyopita amekuja mwalimu mmoja na bebi klasi yake, kopi sitini, nikamuuliza kwa utani mbona hujaacha hata sehemu ya kuchora, akacheka akasema mkuu hataki karatasi ibaki wazi. Nikampa kopi zake.

Mdogo wake huyu mtoto wangu sasa ndio yuko kule juu kwa Bibi. Jana amerudi na agizo, anataka maboksi makubwa ya rimu matatu, wanajenga stendi, mabasi ni matairi. Nimeambiwa na mimi nina kazi, mimi ni konda wa Kibosho, Ijumaa saa nne nisichelewe, na nisiwafokee abiria.