"Hata Haikuuma"

Juzi ndugu yangu alinisimulia, bila wasiwasi wowote, kwamba mwaka jana alikojoa damu siku mbili kisha ikakoma. "Hata haikuuma," akasema. Alipewa antibiotiki, mkojo ukarudi rangi yake, akasahau. Tangu siku hiyo nina hasira, si kwake, bali kwa aliyempa dawa bila hata kuupima mkojo.

Kutouma si habari njema! Damu inayokuja pamoja na kuungua mara nyingi ni maambukizi. Inayokuja kimya ndiyo ya kutushtua zaidi, hasa kwa mtu mzima aliyevuka miaka 40. Wala kukoma si kupona: uvimbe wa saratani ya figo unaweza kutoa damu leo, ukatulia miezi, kisha ukatoa tena. Figo zimejificha nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, na uvimbe unaweza kukua huko muda mrefu mtu asihisi chochote. Ndiyo maana wengi siku hizi hugundulika kwa bahati, wamekwenda kupiga ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa.

Halafu kuna lile jibu, "Nilipima figo, ziko sawa." Anayesema hivyo alipima kreatinini, taka ya mwili inayopimwa kwenye damu. Kipimo hicho kinaonyesha kama figo zinachuja, basi. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni 1, na zote mbili huchuja kama lita 180 kwa siku. Karibu maji yote hurudi mwilini, ikabaki lita moja au mbili ya mkojo. Uwezo huo unazidi mahitaji yetu, hata mtu huishi vizuri na figo moja. Kwa hiyo moja ikiota uvimbe, kazi inaendelea na majibu yanatoka safi. Uvimbe hutafutwa kwa picha, ultrasaundi au CT.

Sigara, unene na presha huongeza hatari. Hayo tumeyasikia sana.

Haya, nakubali: mara nyingi damu hiyo si saratani. Huwa ni mawe, maambukizi au tezi dume. Lakini hilo linajulikana baada ya kupima, si kabla. Na uvimbe ukikutwa ungali mdogo, mara nyingi daktari huukata wenyewe na kuiacha figo.

Ndugu yangu nimemwandikia kikaratasi cha kumpa daktari: damu, siku mbili, bila maumivu. Anakwenda Alhamisi, nami nitakuwa naye.