Tangazo la nyumba linakufa, mtaa haufi

Kuna kitu kinaniuma kila nikifungua blogu za madalali wenzangu. Yaani unakuta mtu anaujua mtaa wake nje ndani, anajua kona ipi inajaa maji mvua ikinyesha, anajua jengo lipi lifti yake haimalizi mwezi bila kuharibika, anajua ukuta wa upande upi unavuta unyevu, halafu kwenye blogu ameandika "nyumba nzuri ya kisasa, mazingira tulivu, wahi kabla haijachukuliwa". Basi, imeisha hiyo. Picha nne za giza na namba ya simu. Ila mpigie simu huyohuyo umuulize kuhusu ile nyumba, atakueleza dakika arobaini bila kupumzika na karibu kila anachosema ni cha maana.

Mi nasema SEO ya dalali, yaani kazi ya kuifanya blogu yako ionekane mtu akitafuta Google, ni hiyo simu ya dakika arobaini, iandikwe. Mengine yote yanakuja nyuma yake.

Najua wengi tumeambiwa haya ni mambo ya wataalamu, na mi niliamini hivyo kiasi kwamba nilimlipa mtu miezi sita aniweke ukurasa wa kwanza wa matokeo ya Google. Akanitengenezea kurasa arobaini, kila mtaa na ukurasa wake, nikafurahi kweli, mpaka siku moja nikakaa nikazisoma moja baada ya nyingine nikakuta ni maneno yaleyale, kilichobadilika ni jina la mtaa tu. Kuna mtaa kausifia bustani zake na vivuli vya miti, na pale hakuna hata mti mmoja. Niliona aibu sana, maana jina lililokuwa pale juu ni langu. Baadaye ndo nikajua kwamba kurasa za namna hiyo Google inazikataza waziwazi kwenye sera zake za spamu, zina jina kabisa, kurasa za mlango, yaani ukurasa upo ili umnase mtafutaji na kumpitisha kwingine, na mwaka 2015 walitangaza kuzibana zaidi. Nikazifuta zote arobaini. Na alikuwa amenijazia pia orodha ndefu ya maneno kwenye ile sehemu ya ukurasa ambayo msomaji haioni, wakati Google ilishasema tangu 2009 kwamba haiitumii hata kidogo kupanga matokeo yake. Linki za kununua, yaani kulipa tovuti nyingine ziweke linki ya kuja kwako, nazo ni hivyohivyo, tangu yale mabadiliko waliyoyaita Penguin mwaka 2012 anayenunua linki anajitafutia balaa kwa hela yake mwenyewe.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na madalali wengi tunaishi na huo msemo, nyumba ikiwa nzuri itaondoka yenyewe. Sasa mtandaoni haiendi hivyo. Nyumba nzuri ambayo haijaelezwa hakuna anayejua kama ipo.

Wengine wanasema hatuwezi kushindana na zile tovuti kubwa za matangazo, na kwa maneno mapana ni kweli, hamna haja ya kubishana. Rightmove ya Uingereza ipo tangu 2000, Zillow ya Marekani tangu 2006, na kila nchi ina zake, zina kurasa nyingi ajabu. Mtu akiandika "nyumba inauzwa" atazikuta zenyewe. Lakini mtu ambaye kweli anahama haishii hapo, anaandika kitu kirefu, "nyumba ya ghorofa ya chini isiyo na ngazi kwa mtu mwenye kiti cha magurudumu", "mtaa usiojaa maji karibu na shule", "nyumba ya kupanga inayoruhusu mbwa". Kila msemo kama huo unatafutwa na watu wachache sana kwa mwezi, lakini hao wachache wana shida ya kweli na wako tayari kupiga simu. Na tovuti kubwa haina majibu, ina fomu ya kuchagua idadi ya vyumba na bei. Haikuwahi kusimama kwenye ile nyumba.

Nitoe mfano mmoja ulionibadilisha kabisa. Kulikuwa na nyumba moja imekaa sokoni muda mrefu, kila anayekuja kuiona mchana anaondoka, kwa sababu nyuma yake kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Nikaenda nikakaa mle ndani peke yangu kuanzia mchana mpaka usiku, chini sakafuni maana hakukuwa na kiti. Kelele zilikuwa kali kweli kwenye chumba cha nyuma, sebuleni zinasikika kwa mbali ukifunga dirisha, na saa kumi na moja jioni kamili mashine zikazimwa, nikasikia mlango wa bati unavutwa, halafu kimya. Kimya kabisa mpaka naondoka saa tatu usiku. Nikaandika hayo yote kama yalivyo, chumba kipi kina kelele, saa ngapi zinaanza, saa ngapi zinaisha, siku gani hawafanyi kazi. Mwenye nyumba alinipigia amekasirika, akasema namharibia biashara. Nikamwomba anipe wiki tatu tu. Ndani ya hizo wiki akapiga mtu mmoja na wala hakuuliza bei kwanza, aliniuliza, "Samahani, ile karakana bado inafunga saa kumi na moja?" Yeye na mkewe wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Ndo walioinunua.

Huyo mtu hakuja kwa sababu ya ujanja wowote wa maneno. Alitafuta habari za kelele za mtaa ule na posti yangu ilikuwa peke yake duniani iliyoziongelea. Hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia na mi nililifungua gunia mapema.

Sasa hili la tangazo na mtaa ndo watu hawalitilii maanani. Tangazo la nyumba linaishi wiki kadhaa, likishauzwa limekufa, ukurasa wake hauna kazi tena. Posti inayoeleza mtaa, barabara zake, maji yake, foleni za asubuhi, mambo ya kukagua kwenye majengo ya zamani ya pale, hiyo inaishi miaka. Kwa hiyo nguvu kubwa naweka kwenye mtaa na matangazo nayaunganisha humo kwa linki. Nyumba ikishauzwa sikimbilii kufuta ukurasa kama una maelezo mazuri, naandika juu kabisa kwamba imeuzwa, naweka linki ya kwenda kwenye posti ya mtaa na nyumba nyingine zinazofanana. Ukurasa usio na chochote cha maana uache ufe, lakini usiuelekeze kwenye ukurasa wako wa mbele. Mtu anakuja kutafuta nyumba fulani anajikuta kwenye salamu za karibu, anaondoka, na Google yenyewe ukurasa ulioelekezwa hivyo inauhesabu kama haupo.

Na tafadhali, usichukue maelezo yaleyale uliyobandika kwenye tovuti kumi za matangazo ukayabandika na kwenye blogu yako. Google ikikuta maandishi yanayofanana mahali pengi kwa kawaida inachagua sehemu moja tu ya kuonyesha, na mara nyingi haitakuwa kwako.

Mambo ya kiufundi siyo mengi. Picha ndo tatizo namba moja kwenye kazi yetu, picha moja ya simu inaweza kufika MB 4 au 5, weka ishirini kama zilivyo na umemtaka mteja apakue MB 80 au 100 kwa bando lake ili aone jiko. Google inataka kile kitu kikubwa cha juu kwenye ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi inaangalia tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, siyo kwenye kompyuta. Punguza picha, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, kila moja iandikie maelezo mafupi ya kilichomo, ambayo pia yanamsaidia asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti. Na fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni bure, inakuonyesha watu waliandika maneno gani wakakuona. Mi naifungua kila Jumatatu. Hapo ndo nilipoona watu wanaulizia unyevu wa ukutani kuliko nilivyowahi kudhani, nikaandika posti tatu za unyevu.

Ule wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google nao ujaze wote. Wao wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu, unachofanya kinaendana na alichotafuta mtu, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Waombe wateja waliofurahi waandike maoni kwa maneno yao, na aliyeandika vibaya mjibu kwa heshima. Maoni ya kununua ni uongo na yamekatazwa, sina zaidi la kusema hapo.

Wengi wananiuliza kuhusu akili bandia, kama iandike posti badala yao. Mi naona hapa ndo hoja yangu inakaza zaidi. Tangu 2024 Google yenyewe inatoa majibu yaliyoandikwa na akili bandia juu ya matokeo, kwa hiyo posti ya "mkopo wa nyumba ni nini" au "mambo kumi ya kuzingatia unaponunua nyumba" mtu hana sababu ya kuifungua, jibu keshalipata. Na mwaka huohuo waliweka sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, iwe umeandika kwa mkono au kwa mashine. Kilichobaki ni kile ambacho mashine haikukiona, na mashine haijakaa sakafuni kusikiliza mlango wa bati ukivutwa saa kumi na moja.

Kitu kingine nakiomba kwa dhati. Ukieleza mtaa eleza barabara, maji, mwanga, kelele, shule, usafiri. Usieleze ni watu wa kabila gani au dini gani wanaishi pale, wala "panafaa watu wa aina fulani". Nchi nyingi ni kosa la kisheria, na hata pasipo na sheria, kuna mtu ataisoma posti yako usiku anatafuta pa kuwapeleka watoto wake aone kwamba hatakiwi. Kazi yetu siyo hiyo.

Juzi nimeambiwa ile karakana imepata zabuni na sasa wanafanya kazi mpaka saa mbili usiku. Kesho naenda kukaa pale nje nisikilize mwenyewe, kisha narekebisha ile posti na kuweka tarehe, maana jirani yao sasa anauza na kuna mtu ataisoma akaamini.