Piano ikianza kuchoma masikio, angalieni nyundo kabla hamjamlaumu fundi

Kuna jambo linaniuma sana. Kanisa au hoteli inanunua grand piano (ile kubwa ya kulala) nzuri kabisa, miaka inapita, sauti inaanza kuwa kali, noti za juu zinachoma masikio kama zimetengenezwa kwa bati, basi anaitwa fundi anatyuni, baada ya wiki mbili malalamiko ni yaleyale, na fundi ndo anaonekana hajui kazi. Alafu wanaanza kuongelea kununua piano nyingine!

Jamani, kutyuni ni kuweka waya kwenye noti yake. Ukali wa sauti mara nyingi unatoka kwenye nyundo, vile vigongeo vya ndani vinavyopiga waya ukibonyeza kibodi.

Kichwa cha nyundo kimevikwa felti, yani sufu ya kondoo iliyoshindiliwa na kuvutwa kwa nguvu kuzunguka kipande cha mbao. Cristofori alipounda piano kule Florence, Italia, mnamo 1700, nyundo zake alizivika ngozi, felti ilikuja baadaye sana, mtengeneza piano Pape aliipatia hataza Paris mwaka 1826. Na felti ndo utamu wenyewe, maana ukipiga taratibu inagusa waya kwa ulaini, ukipiga kwa nguvu inajibana inakuwa ngumu na sauti inang'aa. Sasa ikipigwa miaka na miaka inashindiliwa mpaka inabaki ngumu muda wote. Nyundo laini inakaa kwenye waya kidogo zaidi na kuimeza ile mitetemo midogo ya juu, ila ngumu inagonga na kuruka papo hapo, mitetemo yote ya juu inabaki hai, na hiyo ndo unayoisikia kama kelele ya chuma.

Mwombe fundi avute kibodi nje uone kwa macho yako. Kuanzia katikati kwenda juu kila noti ina waya tatu, kwa hiyo kwenye ncha ya nyundo utakuta mifereji mitatu imechimbika, na ile ncha iliyotakiwa kuwa na umbo la yai imekuwa bapa. Hata bila kufungua kuna kipimo kizuri: piga noti moja ya juu, alafu kanyaga pedali ya kushoto uipige tena. Kwenye grand, kibodi nzima inasogea kidogo pembeni na nyundo inagonga kwa sehemu ya felti ambayo haijachakaa sana. Usisikilize kupungua kwa sauti, sikiliza rangi yake. Ikibadilika ghafla ikawa tamu, waya na ubao wa sauti (ule ubao mkubwa unaokuza mlio wa waya) usivishuku kwanza, shughulika na nyundo.

Dawa ipo na haifikii hata kidogo bei ya piano mpya. Fundi anapiga msasa kurudisha umbo, kisha anachoma felti kwa sindano kwenye mabega ya nyundo, yani pande mbili za ncha, ili ilegee. Hapa nasisitiza mabega, maana sindano zikichomwa ovyo kwenye ncha sauti inakufa na kuirudisha ni kazi. Afanye noti moja kwanza, msikilize pamoja, ndo aendelee. Na muulize kama kuna aliyewahi kumwagia nyundo vanishi ya kukaza felti, wapo wanaofanya hivyo ili sauti ing'ae na wakizidisha inakuwa hivyohivyo kali.

Kutyuni bado kunatangulia, hilo sikatai, hasa Dar, Mombasa na Zanzibar ambako unyevu unavimbisha ubao wa sauti, waya tatu za noti moja zinaachana na kuanza kugombana. AC ikiwashwa Jumapili tu na wiki nzima imezimwa, ndo mnaiua kabisa. Na ukumbi wenye tailizi, vioo na dari la zege utaifanya piano yoyote ile isikike kali, tandikeni zulia chini yake mshushe na kifuniko muone tofauti.

Ila kinachoua nyundo haraka zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwacha mpiga piano ashindane na dramu na spika kubwa kila ibada, anagonga kwa nguvu zake zote ili na yeye asikike. Wekeni maiki mbili ndani ya piano na mpunguze dramu, mwacheni apige kama piano inavyopigwa.