Nilisugua duka kwa ukwaju

Mtu akiniletea pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile ya mwaka 1299 Hijria yenye mizani upande mmoja, neno langu la kwanza siku zote ni moja: usiisugue. Wenyewe huwa washanuia kuitia ukwaju na majivu kama sinia ya harusi, ing'are, ndipo niwape bei nzuri. Nawaambia ule weusi mnaouita uchafu ndio bei yenyewe. Mkusanya sarafu akiona imesuguliwa huirudisha mezani bila ya kuuliza. Nimelisema hilo mara nyingi, kwa wazee na kwa vijana, mara nyengine kwa ukali hata watu wakaona nawavunjia heshima.

Halafu mwisho wa Januari 2025 nikalichukua duka langu mwenyewe la mtandaoni, nikalisugua mpaka likang'ara.

Duka lenyewe ni dogo na halina mlango. Vitu vimo katika chumba cha chini nyumbani kwetu Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa Kiponda: madele (mabirika ya kahawa), finjani, vyetezo, mirashi, sinia, kandili, santuri, kanga kuukuu, na sanduku moja moja la njumu, lile lililopambwa kwa shaba, likipatikana. Vingi vinatoka kwa warithi wanaogawana vyombo vya bibi yao, hakuna anayetaka kupandisha tasa la shaba ngazi zote zile za magorofa ya Michenzani. Tovuti ya mwanzo niliitengeneza mwenyewe mwaka 2019, kwa subira na bila ya ujuzi. Rangi yake kama ya udongo. Picha nikizipiga barazani saa kumi za jioni, jua likiingia kwa ubavu, na katika nyingi umo mkono wangu wenye hina, maana sikuwa na njia nyengine ya kuonesha ukubwa wa kitu. Katika mbili tatu yumo paka.

Mtoto wa dada yangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, akawa kila akija kula kwangu ananambia, "Khalati, duka lako linafukuza watu." Nami nikaona haya. Kwa kweli haya ndiyo iliyonitia katika jambo hili, wala si hesabu. Hesabu zilikuwa nzuri.

Akanitengenezea jipya. Jeupe, herufi nyembamba kama nyuzi, kila chombo kimekatwa kwenye picha yake kikabaki kinaelea. Mlangoni akaweka video ya jahazi linapita jua likizama. Nikamuuliza, kwani mimi nauza majahazi? Akanambia linaleta hisia. Kila hoteli kuanzia Nungwi mpaka Paje inaleta hisia hiyo hiyo, na mwenye bando la mia tano hafiki kuliona dele, bando lishaliwa na jahazi. Lakini sitaki kumsingizia kijana. Nilipenda. Nilikwenda nalo harusini, nikawa nawaonesha watu kwenye simu.

Mwezi wa mwisho wa duka la kale nilifunga vifurushi 23 vya wateja. Februari nikafunga 11. Machi, 6.

Kijana akasema ni msimu. Kwetu hapa "msimu" ni jibu la kila kitu, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi ni jibu la kweli: masika yanaingia, wageni wanapungua, na Ramadhani watu wana mengine ya kununua. Ila Ramadhani haikai pahala pamoja. Kila mwaka inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo ukilinganisha Machi na Machi unalinganisha ndimu na chungwa. Mwaka 2024 mfungo uliingia wiki ya pili ya Machi, 2025 uliingia mwanzoni mwake. Nikatoa daftari, nikalinganisha kumi la mwisho na kumi la mwisho, yaani zile siku ambazo watu wetu walioko Maskati na Dubai hununua zawadi za Sikukuu kupelekea wazee. Kumi la mwisho la 2024: vifurushi tisa. La 2025: kimoja, na hicho kimoja kakinunua jirani yangu, nafikiri kwa huruma.

Basi kosa halikuwa la msimu peke yake.

Jibu lilikuja kwa simu, kutoka Wete, Pemba. Kule nina mteja wa siku nyingi, baba mtu mzima anayekusanya madele, anajua kuangalia dele kuliko mimi. Akasalimia, akauliza hali za nyumbani, akauliza mvua, kisha akaingia kwenye lake taratibu kama mtu anayeogopa kuniudhi: "Mwanangu, hivi sasa unauza mapya?"

Nilikaa kimya. Akaeleza. Ameangalia madele yangu yote katika duka jipya, hakuliona hata moja lenye kitako cheusi. Hakuona mdomo uliotiwa lehemu ya risasi, hakuona bawaba iliyobadilishwa. Akajua nimeanza kuagiza yale ya kutengenezwa, na akawa ananiombea dua nisijeharibu jina langu.

Asiyeuza vitu vya kale anaweza asielewe uzito wa maneno hayo. Mjini hapa yapo masanduku yaliyopigwa njumu mwaka huu na kufanywa yaonekane ya enzi za masultani. Mengine ni kazi nzuri ya mikono, sina ugomvi nayo, lakini si ya kale. Mnunuzi mwenye akili hana cheti cha kumwambia lipi ni lipi. Ushahidi wake ni kasoro: pale njumu ilipodondoka ikarejeshwa nyengine isiyofanana, pale mbao ilipolika kwa kuburutwa sakafuni, pale dele lilipoungua kwa makaa ya miaka arubaini. Kijana wangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa na programu katika simu inayofuta madoa. Alifuta kovu za madele yangu yote kama anayefuta chunusi za bibi harusi.

Na maelezo aliyafupisha, kwa kuwa watu hawasomi. Hili neno la kwamba watu hawasomi nalisikia kila pembe, na mimi naona si kweli kwa mtu anayetaka kutoa laki mbili. Huyo anasoma mpaka nukta. Zamani nikiandika hivi: "Dele la shaba, kimo shubiri moja na nusu. Kifuniko kimepinda, bawaba si yake. Lilikuwa la mzee aliyekuwa akitembeza kahawa Malindi. Nimelitia maji usiku kucha, halivuji." Katika duka jipya likawa: "Dele la shaba. Asili. Zuri." Nani hajui kusema zuri?

Kwenye kanga hasara ilikuwa kubwa zaidi. Kanga ina pindo, mji (ile sehemu ya kati) na jina (yale maneno yaliyoandikwa), na mtu anayetafuta kanga ya zamani hatafuti rangi. Anatafuta jina. Anaikumbuka "Wema hauozi" aliyojifunga mama yake siku fulani, anakwenda kuandika maneno hayo mawili kwenye simu, na zamani yakimleta kwangu, kwa sababu kila kanga nilikuwa nikiiandika kwa jina lake. Sasa ikaitwa "Kanga ya zamani, nyekundu". Picha nazo zikafanywa za mraba, zote sawa, kwa hivyo pindo likakatwa na jina likakatwa, ukabaki mji mtupu. Halafu kanga za mwanzo majina yake yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi za Kirumi zimekuja baadae, na mjuzi akiuona mwandiko tu anaanza kukisia umri. Tulimkatia jicho lake. Sijui nilifikiri nini siku ile nikikubali. Nadhani nilikuwa naangalia jahazi.

Kuna na jambo la kifundi, nalo nalitaja kwa sababu wenzangu wengi wataingia shimo hilo hilo. Kila kitu katika duka la kale kilikuwa na anwani yake ya mtandao, na anwani hizo watu walikuwa wamezihifadhi, wametumiana, wengine wameziweka katika kurasa zao. Tulipohama tukazibadilisha zote bila ya kuacha maelekezo. Aliyebonyeza akakuta "ukurasa haupatikani", ile 404, kama mtu aliyekuja kutoka shamba akakuta nyumba imevunjwa na jirani hajui ulikohamia. Google nayo ikatuona wageni. Dawa yake inajulikana: kila anwani ya kale inaelekezwa kwenye mpya yake, wenyewe wanaiita 301, na hufanywa kabla ya kuhama. Sisi tuliifanya Mei.

Tena tulifuta kurasa zote za vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kijana aliona ni takataka. Kumbe hizo ndizo zilizokuwa zikileta watu! Nilikuwa na ukurasa wa santuri moja ya taarabu, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, jamaa ya zile alizokwenda kurekodi Siti binti Saad na wenzake Bombay mwaka 1928. Nimeiuza tangu 2021. Lakini kila mwezi alikuwa anatokea mtu, kaiona, kakuta imekwenda, kaniandikia: "Nyengine huna?" Na hapo ndipo maongezi huanza, na mimi huwa ninayo nyengine.

Maongezi yenyewe pia tuliyafungia mlango. Namba ya WhatsApp ikaondoka mbele ikafichwa chini kabisa, badala yake kikaja kikapu. Unachagua dele, unaulizwa unataka mangapi, moja, mawili, matatu, na dele hilo duniani liko moja. Kisha unatakiwa ujiandikishe, uweke neno la siri, uthibitishe kwa barua pepe. Na wapi utasema "nipunguzie kidogo"? Mteja wangu hataki sana hiyo elfu kumi. Anataka tupatane, ajue kuna mtu upande wa pili, asije akatuma pesa zake kwa simu zikaingia shimoni.

Kidogo nilijipa moyo niliposoma kwamba hata wakubwa wameumia kwa hili. Marks & Spencer ya Uingereza ilifungua tovuti mpya mwaka 2014 iliyogharimu pauni milioni 150, ikawataka wateja wajiandikishe upya, na katika robo mwaka iliyofuata mauzo yake ya mtandaoni yakashuka kwa asilimia 8.1. Wao asilimia nane iliwatia katika magazeti. Mimi nilipoteza zaidi ya nusu na hakuna aliyejua isipokuwa daftari na jirani.

Kijana hakufanya yote vibaya, lazima niseme. Aliweka bei wazi kwenye kila kitu, nami zamani nilikuwa na ile tabia yetu ya "bei njoo inbox", ambayo ni utovu wa adabu tuliouzoea tu. Bei zimebaki. Herufi pia tumekubaliana, zimenenepa kidogo.

Mengine tumerudisha moja moja tangu Mei. Jahazi limekwenda zake. Picha napiga tena barazani, na kila chombo kina picha moja ya kovu lake tu, karibu, bila ya kufuta kitu. Kanga zimerudishiwa majina. Vilivyouzwa vipo, vimeandikwa "kimekwenda". Agosti nilifunga vifurushi 15. Si 23, na Agosti wageni wamejaa mji, kwa hivyo sijidanganyi.

Wa Wete alipiga tena mwezi ule, safari hii bila ya kuuliza mvua. "Hilo la kifuniko kilichopinda lipo?" Lipo. Tukapatana, akapunguziwa kidogo, akatuma pesa kabla hatujakata simu. Kijana ndiye aliyelifunga apeleke Malindi kwenye boti ya Pemba. Nikamkuta jikoni anafungua makabati.

"Khalati, ukwaju uko wapi?"

Nilimtazama mpaka akacheka mwenyewe. Alikuwa anataka wa juisi.