Kitanda Chazama Mji wa Kale

Tajiri wa baba watoto, anayekaa Nyali hapa Mombasa, alikuwa akirudi kwao, akatuachia kitanda cha maji. Bure. Kwangu cha bure huingia na gharama zake.

Kitanda chenyewe ni fuko la plastiki nene ndani ya fremu ya mbao, na chini ya fuko kuna shiti nyingine ya plastiki iliyokunjwa kuelekea juu pembeni, ili kukinga maji likitoboka. Letu humeza lita 700, yaani mitungi 35 ya lita 20, na mfereji wetu hutoa maji ya chemchemi za Mzima ukipenda wenyewe. Tukanunua ya mkokoteni. Muuza maji alipofika mtungi wa ishirini akakaa ngazini: "Mama, huko juu mwafuga pomboo?"

Lita 700 ni kilo 700, kabla hamjapanda nyinyi. Sakafu yetu ni ya boriti za mikoko, hivyo tulikiweka kando ya ukuta, boriti zinapoegemea, si katikati zinapopinda. Mama mwenye nyumba, alalaye chini yetu, alihamia sebuleni siku hiyo hiyo.

Usiku kikanguruma, nami nikamsingizia baba watoto tumbo. Kumbe hewa iliyobaki ndani. Unaiswaga kwa mpini wa fagio polepole hadi kwenye kizibo, unafungua, unafunga kabla maji hayajafuata. Mawimbi ndiyo hayana dawa: fuko lisilo na nyuzi za kuyatuliza ndani, mmoja akigeuka mwenziwe hupanda na kushuka. Mmarekani Charles Hall, aliyebuni kitanda cha maji cha kisasa San Francisco mwaka 1968, alianza na kiti kilichojazwa uji wa wanga wa mahindi. Angebaki na uji! Na msimu wa kusi, maji yasipopashwa hadi kama nyuzi 29, hukunyonya joto mgongoni. Ukiyapasha, tokeni za stima zinakwisha mbio. Sisi tukahamia mkekani, kitanda kikawa cha mgeni.

Mgeni akawa kaka yangu, mvuvi wa miaka. Saa nane usiku nikasikia akitapika. Kisha ukelele: "Chombo chavuja! Leteni upo tutoe maji!"

Nikawasha taa. Kaka kapiga magoti, kalowa chapachapa, anafua maji kwa kofia. Ndoana aliyoichomeka ukosini mwa fulana ilikuwa imeng'ata kitanda, naye kila akiinuka anavutwa chini. Baba watoto akataka kuing'oa kwa nguvu, nikamdaka mkono. Ndoana ina kijino, ukiivuta kwa pupa tundu la sindano huwa la kidole. Tukakata fulana kwanza, tukaizungusha ndoana taratibu ikatoka.

Tundu la juu huzibwa bila kumwaga maji: kausha, futa kwa spiriti, bandika kiraka cha plastiki kwa gundi ya plastiki, uache saa kadhaa. Baba watoto akaenda kuazima solusheni ya baiskeli, ambayo ni ya mpira. Kiraka kilibanduka kabla ya alfajiri.

Ikabidi tukimwage. Unajaza maji kwenye mpira wa kumwagilia, ncha moja ndani ya fuko, nyingine nje ya dirisha, chini kuliko kitanda, yanajivuta yenyewe kwa saa nyingi. Majirani wakajipanga na ndoo. Nikapiga kelele kwamba yana dawa ya kuzuia ukungu, si ya kunywa, ni ya kudekia tu. Wakadeki kichochoro kizima, na jioni mmoja akabisha hodi kuuliza kaka atalala tena lini.